Sikukuu ya Mtu Asiyetumwa

Nikishika kitabu cha safari sianzi na jangwa wala bahari. Natafuta sikukuu. Natafuta ukurasa ambao mwandishi ameamka ugenini siku ya Idi, au Krismasi, akijua kwamba kwao saa hiyo hiyo sufuria imeshapanda jikoni na mtu anaulizia chumvi iko wapi. Siku nyingine zote anaweza kututilia chumvi yeye mwenyewe. Mlima atauongezea urefu, mfalme atamwongezea dhahabu, na nani atamkagua? Lakini sikukuu ni kazi ya watu wengi. Mtu mmoja hawezi kujifanyia, na akijaribu kuandika kana kwamba aliweza, sentensi zinamsaliti.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Ibn Battuta, yule yule tunayefundishwa shuleni kwamba alipita Mombasa na kufika Kilwa mwaka 1331, basi, andika kwenye daftari. Tunamsoma kama shahidi wa historia yetu na tunasahau kwamba alikuwa kijana wa mtu. Aliondoka Tangier mwezi Juni 1325 akiwa na miaka 21, peke yake, kwenda kuhiji. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na anasema wazi kwamba kuachana kuliwauma wao na yeye pia. Kufika karibu na Tunis alikuwa anaumwa homa kiasi kwamba alijifunga kwenye tandiko kwa kilemba chake asianguke njiani.

Kisha inakuja aya ambayo kwangu ndiyo mlango wa kitabu kizima. Watu wa mji wanatoka kuulaki msafara. Huyu anamkumbatia yule, yule anaulizia habari za fulani. Ibn Battuta hasalimiwi na mtu, kwa sababu hakuna anayemjua. Analia. Hujaji mmoja anamwona, anamsogelea, anamsalimia na kuendelea kumsemesha mpaka wanaingia mjini. Hicho tu. Wiki chache baadaye ikaja Idi el Fitri, sikukuu yake ya kwanza ugenini, na hapo angalieni anachofanya. Halii tena. Anatueleza kwamba watu walikusanyika uwanja wa kuswalia wakiwa wamevaa vizuri, na sultani akaja juu ya farasi huku jamaa zake na watumishi wakitembea kwa miguu. Yeye mwenyewe alikula nini siku hiyo? Alikaa na nani baada ya swala? Hakuna. Kijana aliyekuwa akilia kurasa chache nyuma amejificha nyuma ya farasi wa sultani.

Kuanzia hapo, kwa karibu miaka 30, hiyo inakuwa njia yake. Idi kwa Ibn Battuta ni gwaride. Kwa Özbeg Khan, kwenye nyika za kaskazini, ni malkia na magari yao ya kukokotwa. Delhi ni tembo waliovishwa hariri na dhahabu. Visiwa vya Maldivi ndipo anapoandika Idi nzuri kuliko zote: njia ya kwenda uwanja wa swala imetandikwa vitambaa, kulia na kushoto mafungu ya kauri, wenye nyumba wamesimika minazi midogo na migomba mbele ya milango yao, na waziri akipita kila mmoja anamtupia kitambaa miguuni. Mali, alikokuwapo kwa sikukuu zote mbili, ya kufungua na ya kuchinja, kati ya mwishoni mwa 1352 na mwanzoni mwa 1353, anamweleza Dugha, mkalimani wa mfalme, akipiga ala ya matete na vibuyu huku wake zake wakiimba, kisha washairi wanaingia wamevaa manyoya ya ndege. Ni kurasa za thamani kubwa kwa mwanahistoria. Bila yeye tungekuwa na machache sana juu ya baraza la Mansa Sulayman.

Ila nikizisoma zote pamoja, moja baada ya nyingine, nasikia kitu kimoja kikijirudia. Ibn Battuta yuko barabarani. Hata alipokuwa kadhi, hata alipokuwa na wake wanne pale Maldivi, siku ya sikukuu anaandika akiwa amesimama nje, anatazama wanaopita. Huwezi kunukia jiko. Na si kwamba hajui kuandika chakula! Mogadishu anatupa wali wa samli na vitoweo vyake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu na pilipili za achari, maembe, mpaka mate yanakutoka. Chakula cha mgeni anakijua vizuri. Chakula cha sikukuu ndicho hakimo.

Nadhani sababu ni kwamba msafiri wa muda mrefu hakosi sikukuu. Anaona nyingi kuliko sisi tuliobaki nyumbani. Anachokosa ni kutumwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini siku ya sikukuu sheria hiyo huwekwa kando. Siku hiyo hakuna anayempa mgeni jembe. Anapewa kiti, anapewa sahani iliyojaa, anaambiwa karibu, ongeza. Wenye nyumba ndio wanaofokeana: nani kaenda kununua mkaa, mbona hujarudisha mbuzi ya nazi kwa jirani, wewe mtoto toka hapo mlangoni. Ukiwa ndani ya makelele hayo unayaona kero. Hakuna mtu aliyewahi kutumwa mkaa akadhani anapewa zawadi.

Mimi ni mtu wa Marangu, na sisi watu wa Kilimanjaro na Desemba tunataniwa vya kutosha, sitaongeza. Mnajua jinsi mabasi yanavyojaa na nauli inavyoruka. Krismasi moja nilikuwa mwezi wa saba wa safari ya mikoa ya magharibi, naandika makala za kulipwa kwa neno, nikawa Ujiji. Mama niliyepanga chumba kwake ni Mwislamu. Alinipikia pilau na mgebuka wa kukaanga kwa sababu, alisema, mtu hawezi kulala njaa siku ya dini yake. Nilipoinuka kwenda kuchota maji alinikatalia katakata: “Kaa baba, leo ni sikukuu yako.” Nikakaa. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikiwaangalia wanawe wakipishana na ndoo, na kwa kweli sijawahi kujiona mzigo kama saa ile, ingawa walikuwa wananifurahia. Jioni nikapiga simu nyumbani. Dada yangu akaniambia miguu ya mbuzi mwaka huu kashika mtoto wa shangazi, na kaiachia, na mbuzi karuka mpaka kwenye migomba ya jirani. Kushika miguu ya mbuzi ilikuwa kazi yangu tangu nina miaka 12. Walicheka sana kwenye simu, wote kwa pamoja, na mimi nikacheka.

Sikuchagua Ujiji kwa ajili ya kitabu. Lakini mtu akilala Ujiji siku ya Krismasi akiwa na uzoefu wa kusoma, hawezi kumkwepa Stanley.

Krismasi ya 1871 Henry Morton Stanley na David Livingstone walikuwa pale pale Ujiji, siku mbili kabla ya kuanza safari ya kurudi Unyanyembe. Stanley anaieleza katika How I Found Livingstone, kitabu chake cha 1872. Waliamua kuiadhimisha kama inavyoadhimishwa kwao. Soko la Ujiji likatoa kondoo mnono, mbuzi, maziwa, mayai, samaki, vitunguu, viazi vitamu, ndizi, unga mzuri, pombe na tembo. Stanley alikuwa ametoka kwenye homa usiku uliotangulia, dhaifu hata kusimama ni taabu, lakini asubuhi aliamka kumhutubia mpishi wake, Faraji, juu ya ukubwa wa siku hiyo kwa wazungu na namna ya kuipikia. Kisha nyama ikaharibika na kastadi ikaungua. Stanley anaandika kwamba mpishi yule aliponea kipigo kwa sababu tu yeye hakuwa na nguvu za kuinua mkono.

Aya hiyo inasomwa kama kichekesho, na Stanley anataka tucheke. Mimi naiona kuwa moja ya aya za huzuni katika vitabu vya safari vya karne ya 19, pengine bila yeye kukusudia. Kumbukeni ni nani anayedai sikukuu kama ya kwao. Huyu alizaliwa John Rowlands huko Denbigh, Wales, mwaka 1841, akakulia kwenye nyumba ya kutunzia maskini ya St Asaph. Hiyo Krismasi ya nyumbani anayoitaka, yenye meza na nyama na kastadi, utotoni aliiona akiwa upande gani wa dirisha? Anajenga Ujiji nyumba ambayo hakuwahi kuwa nayo, na anaijenga kwa kuamrisha. Ibn Battuta siku ya sikukuu hatumwi na mtu. Stanley amefika mbali zaidi: yeye ndiye anayetuma, na anamtuma mtu ambaye sikukuu hiyo si yake.

Na hapo kalenda inasema jambo ambalo aya ile hailisemi. Piga hesabu ya mwezi wa Hijria. Ramadhani ya mwaka 1288 ilianza katikati ya Novemba 1871, na Idi el Fitri ikaangukia tarehe 14 Desemba au siku ya jirani yake, kutegemea mwezi ulionekana lini. Wapagazi na askari wengi wa msafara wa Stanley walitoka Unguja, na wengi wao walikuwa Waislamu. Wiki hizo karibu zote za Ramadhani, Stanley na Livingstone walikuwa ndani ya mtumbwi kaskazini ya Ziwa Tanganyika, kutafuta kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, na mtumbwi haujipigi kasia. Kwa tarehe za Stanley walirudi Ujiji 13 Desemba. Yaani watu hao waliweka makasia chini, na Idi hiyo mlangoni. Siku kumi na moja baadaye, au zaidi kidogo, mwajiri wao anaamka kumfundisha Faraji sikukuu ni kitu gani.

Nani alipikiwa nini Ujiji siku ile ya Idi? Nani alikaa ukutani akiwaza mama yake Ng'ambo, au mtoto aliyemwacha Bagamoyo anatambaa? Walikuwa wasafiri wa muda mrefu kama Stanley, wengine kuliko yeye, maana safari za bara walizifanya mara kadhaa katika maisha yao. Ukungu wa nyumbani uliwapata vile vile. Livingstone, ambaye kwa watu alikuwa na jicho refu zaidi, anagusia katika shajara zake za mwisho kwamba Ramadhani imekwisha na watu wake huenda wataanza safari baada ya siku tatu za kusherehekea. Hata kwake, lakini, sikukuu ya wengine inaingia kama sababu ya kuchelewa. Mstari mmoja, kisha mvua.

Kwa hiyo nasema kipimo changu kinapima mambo mawili. Kwanza kinaonyesha mwandishi anabanwa wapi. Pili kinaonyesha katika kitabu hicho nani anaruhusiwa kukumbuka kwao. Katika maktaba kubwa ya safari za Afrika Mashariki, anayekumbuka kwao ni mwenye kalamu. Aliyebeba mzigo ana sikukuu kama ana malaria: inahesabiwa kwa siku alizochelewesha msafara.

Kuna kitabu kimoja ninachokiweka rafu tofauti, ingawa mwenyewe hakuwa msafiri kwa maana ya Ibn Battuta. Sayyida Salme binti Said aliondoka Unguja mwaka 1866, akawa Emily Ruete wa Hamburg, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Alianza kuziandika kwa ajili ya watoto wake, waliokuwa hawaijui asili ya mama yao. Ndani yake Ramadhani na Idi zote mbili zinapewa kurasa za kutosha. Fikirieni mazingira: mjane katika nchi ya baridi, mume alifariki kwa ajali ya tramu mwaka 1870, amebadili dini na jina, anawaeleza watoto wa Kijerumani Idi ilivyokuwa kwa babu yao. Hakuna gwaride. Idi yake ina maandalizi, ina zawadi na nani anapewa nini, ina usiku ambao nyumba nzima hailali. Ni sikukuu iliyoandikwa kutoka ndani, na mtu aliyekuwa ndani.

Wapo wahakiki wanaomshutumu kwa kupaka jumba lile rangi, hasa anapofika kwenye habari za watumwa, na wana haki. Kwenye jambo hilo mimi sina utetezi wa kumpa. Lakini kwenye ukurasa wa Idi anajua kitu ambacho Ibn Battuta kwa maili zake zote hakukiandika. Anajua kwamba sikukuu inaanza kabla ya siku yenyewe, kwenye kazi. Ajabu ni kwamba aliyeandika hivyo ndiye ambaye hakuwa na Idi nyingine ya kwenda. Ibn Battuta alikuwa na kila Idi aliyoitaka.

Siku hizi wasafiri wetu wanajirekodi. Krismasi ufukweni, Idi juu ya kilima, keki ndogo yenye mshumaa mmoja, “familia yangu mpya” ya hosteli wakipunga mikono. Siwacheki. Nafikiri wanafanya kile kile alichofanya kijana wa Tangier pale Tunis: wanageuza kamera iangalie farasi wa sultani. Video zinazonishika ni zile ambazo mtu anasahau kuzima, na unasikia kwenye simu sauti ya nyumbani ikimuuliza umekula nini, na anadanganya.

Turudi kwa Ibn Battuta, maana kitabu chake kina ukurasa mmoja ninaoushikilia dhidi yake na siwezi kuuachilia.

Njiani alioa na kuacha mara nyingi. Damasko aliacha mke mjamzito. Akiwa India akasikia kazaliwa mtoto wa kiume, akatuma dinari 40 za dhahabu kwa babu wa mtoto. (Wanaotuma hela ya sikukuu kwa simu wakabaki walipo, ninyi ni ukoo wa zamani sana.) Maldivi nako alizaa, akarudi mara moja kumtazama mwanawe aliyekuwa na umri wa miaka miwili, akaona heri abaki na kina mama yake, akapanda chombo. Mwaka 1348 akapita tena Damasko, akaulizia. Mtoto alikwishafariki miaka 12 nyuma. Pale pale akakutana na mwanachuoni kutoka Tangier, naye akamwambia baba yako alifariki miaka 15 iliyopita. Mama yako yu hai.

Mama yako yu hai. Msomaji anayejua sikukuu ni nini anangoja sentensi inayofuata iwe ya kufunga mizigo. Sivyo. Tauni inaua Sham, anahesabu maiti wa miji, anashuka Misri, anakwenda kuhiji tena. Mnamo 1349 anafika Tunis, mji uleule wa machozi, na anatupa habari za sultani aliyekuwapo. Anapitia Sardinia. Hatimaye Moroko, na kwenye mji wa Taza anaambiwa mama yake amekufa kwa tauni.

Siwezi kusema angefika kwa wakati. Tauni haikungoja mtu, na hija si jambo la kumsuta nalo Mwislamu. Ninachomdai ni cha kimaandishi. Mtu aliyetupa aya nzima ya kitambaa kilichotupwa miguuni mwa waziri wa Maldivi, mama yake amempa maneno machache mno, kisha anaingia Fez na kurasa zinajaa sifa za sultani Abu Inan, ambaye ndiye aliyeamuru kitabu kiandikwe. Najua Ibn Juzayy alikuwa amekaa mbele yake na kalamu mwaka 1355, na jumba la mfalme si mahali pa kulilia mama. Wapo wanaosema huo ndio uzuri wake, kwamba ukimya unatosha. Kwangu hautoshi, kwa sababu nimeona anavyoandika anapotaka. Pale Tunis, akiwa na miaka 21, alitaka.

Baadaye anatoka Fez kwenda Tangier kuzuru kaburi la mama yake. Nyumba haitajwi, wala nani alimfungulia mlango, wala kama palikuwa na mtu wa kumtuma sokoni. Mstari unaofuata yuko Ceuta, anaumwa.